Kwa Nini Risasi Hupita Nyuma ya Mnyama Anayekimbia

Barabara inayochepuka Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na kuelekea Lalago na Mwanhuzi, humkaribisha msafiri kwenye mpaka wa Pori la Akiba la Maswa. Eneo hilo, lililokuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, linapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na nyumbu wanaohama huingia humo. Uwindaji huruhusiwa porini humo kwa kibali tu. Mwindaji mwenye kibali chake huweza kumlenga begani nyumbu anayekatiza mbele yake kwa mbio, akafyatua, na risasi ikapiga vumbi nyuma ya mkia. Aghalabu bunduki ndiyo hulaumiwa. Lakini bunduki haina kosa: risasi imefika pale pale ilipoelekezwa, ila mnyama hayupo tena.

Bunduki ya kaliba .375, iliyobuniwa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912 na inayojulikana sana kwa wawindaji wa Afrika, hurusha risasi yenye uzito wa gramu 19 hivi. Risasi hiyo hutoka mtutuni kwa kasi ya meta 770 hivi kwa sekunde. Hewa huipunguza kasi, hata kuzivuka meta 100 za kwanza huichukua sekunde 0.14, na meta 200 sekunde 0.29. Muda huo ni mfupi sana. Hata hivyo nyumbu anayekwenda meta 12 kwa sekunde, yaani kilometa 43 kwa saa, husogea meta 1.7 katika sekunde 0.14, na meta 3.5 katika sekunde 0.29. Umbali huo, ambao waweza kuitwa mtangulio, hupatikana kwa kuzidisha kasi ya mnyama kwa muda ambao risasi imo hewani.

Katika muda huo huo mvutano wa dunia huishusha risasi. Kwa kanuni ya nusu ya mchapuko wa 9.8 ikizidishwa kwa muda mara muda, mshuko ni sentimeta 10 kwa meta 100, na sentimeta 40 hivi kwa meta 200. Wanafunzi wengi hudhani kwamba huo ndio ugumu mkubwa wa kulenga shabaha. Kwa mnyama aliyesimama ni kweli, na vilengeo vya bunduki hurekebishwa kwa ajili hiyo. Kwa mnyama anayekimbia, mshuko ni jambo dogo mbele ya mtangulio.

Hesabu iliyotolewa ni ya mnyama anayekatiza kwa pembemraba. Akikimbia kwa mshazari wa nyuzi 30 kutoka mstari wa macho ya mpigaji, mtangulio hupungua kuwa nusu, kwa kuwa saini ya nyuzi 30 ni 0.5. Akija moja kwa moja, au akikimbia moja kwa moja kwenda mbali, hakuna mtangulio wowote.

Upo muda mwingine unaosahauliwa, nao ni wa mwili wa mpigaji mwenyewe. Tangu jicho lione hadi kidole kivute kifyatulio hupita sekunde 0.2 hivi. Mtu aliyetuliza mtutu mahali pamoja akimngoja mnyama afike hapo, huongeza kosa la meta 2.4, zaidi ya lile la risasi yenyewe kwa meta 100. Ndiyo sababu wapigaji stadi huusogeza mtutu sambamba na mnyama, huupitisha mbele yake, na kuendelea kuusogeza hata baada ya kufyatua. Kwa njia hiyo uchelewaji wa kidole haudhuru. Wengine husema kwamba kuusogeza mtutu "huirusha" risasi kando, si kweli. Kwa mnyama aliye meta 100, ncha ya mtutu wa sentimeta 60 husogea sentimeta 7 tu kwa sekunde, na risasi hupata kutokana na hilo sentimeta moja ya upande.

Hata hivyo, kanuni haimpi mpigaji kasi ya mnyama. Hiyo hukisiwa kwa jicho. Moyo na mapafu ya nyumbu huchukua upana wa sentimeta 30 hivi, kwa hiyo kosa linalovumilika ni sentimeta 15 kila upande. Katika meta 100 hilo ni sawa na kukosea kasi kwa meta 1.1 kwa sekunde. Katika meta 200 ni meta 0.5 kwa sekunde, na hakuna jicho liwezalo kutofautisha meta 12 na meta 12.5. Anayekisia pungufu humpiga mnyama tumboni. Mnyama huyo haanguki. Hukimbia, hufa baada ya saa nyingi, na fisi humpata kabla ya mwindaji. Akiwa ni nyati, hujificha kichakani na anayemfuata huhatarisha maisha yake. Kwa umbali huo, jibu la hesabu ni kutofyatua.

Wawindaji wa upinde walilijua jambo hili bila kuliandika. Mshale wa meta 45 kwa sekunde huzivuka meta 30 kwa sekunde 0.67, muda ambao nyumbu yule amekwenda meta 8. Kwa hiyo walivizia mnyama aliyesimama, hasa penye maji. Hata hapo sauti ya uzi wa upinde humfikia mnyama katika sekunde 0.09, naye huweza kuruka kabla ya mshale kufika. Ilhali risasi humfikia kabla ya mlio wake.

Jaribio

Mwanafunzi mmoja aviringishe ringi ya baiskeli ikate mbele ya mwenzake, meta 10 kutoka kwake, kwa kasi ya meta 3 hivi kwa sekunde. Mwenzake airushie mpira wa matambara, na wa tatu apime kwa saa muda wa mpira hewani. Mtangulio ukokotolewe kwanza, kisha mpira urushwe mara 20. Baadaye umbali ufanywe meta 20, kasi ya ringi ikibaki ile ile, na idadi ya mipira iliyogonga ilinganishwe.