Kabla ya kutia miguu katika maji moto ya Bogoria

Kila likizo inapokaribia, hapa Butali na kwingineko Kabras utasikia kikundi cha akina mama au cha wazee wa kanisa kikichanga pesa za kukodi matatu kwenda kuona chemchemi za maji moto za Ziwa Bogoria, katika Kaunti ya Baringo. Safari yenyewe inapendeza. Mnapita Webuye, mnapanda Eldoret hadi Iten, mnateremka Bonde la Kerio, kisha mnaipanda milima ya Tugen yenye misitu kama ule wa Katimok, karibu na Kabarnet. Kutoka hapo barabara inashuka hadi Marigat, na joto linaanza kuwapiga usoni. Huko chini, kando ya ziwa, maji hutoka ardhini yakitokota, na mengine huruka juu pamoja na mvuke.

Askofu James Hannington alipita hapo mwaka wa 1885 akielekea Uganda, na kwa miaka mingi Wazungu waliliita ziwa hilo kwa jina lake. Kutoka huko alikuja hadi kwetu Mumias, na Oktoba mwaka huo akauawa Busoga. Lakini hayo ni ya walimu wa historia. Mimi ninawawazia wasafiri wa aina nyingine, wale wasiokwenda kutazama bali kutibiwa. Wamesikia kwamba maji hayo huondoa baridi yabisi, hushusha shinikizo la damu na kumaliza sukari mwilini. Juma hili tuzungumze nao.

Maji ya mvua hupenya katika nyufa za Bonde la Ufa hadi kwenye miamba yenye joto kali, kisha hurudi juu yakiwa yamebeba magadi na chumvi nyinginezo. Bogoria liko mita 990 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka katika nyuzi 97 hivi za Selsiasi. Sisi wa Kakamega tuko juu zaidi, kwa hivyo sufuria yako ya chai huchemka katika nyuzi 95 hivi. Baadhi ya chemchemi za Bogoria hufikia kiwango cha kuchemka. Yaani unaposimama ukingoni, maji yaliyo mbele yako yanaweza kuwa na moto kuliko chai inayotokota jikoni kwako. Ndiyo maana wageni huchemsha mayai humo yakaiva.

Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde tano hivi. Yakiwa nyuzi 70, sekunde moja yatosha. Mwili hustarehe katika maji ya nyuzi 36 hadi 40, na hayo utayapata tu mahali ambapo maji yamepoa, kama vile katika kidimbwi cha hoteli kinachopimwa. Chemchemi yenyewe si ya kuoga.

Je, maji ya vuguvugu hayana faida? Yana faida. Tafiti zilizofanywa katika nchi kama Hungaria na Uturuki, ambako watu wana desturi ya kale ya kuoga chemchemi, zimeonyesha kwamba wenye maumivu ya magoti na mgongo hupata nafuu kwa muda. Joto hulegeza misuli na maji hukubeba uzito, viungo vikapumzika. Tena umeacha jembe na jiko kwa siku mbili, na hilo nalo ni dawa ambayo wengi wetu hatuinunui. Lakini nafuu ya maumivu si tiba ya ugonjwa. Hakuna ushahidi kwamba maji ya chemchemi huondoa kisukari.

Na mwenye kisukari ndiye ninayemhofia zaidi. Ugonjwa huu ukikaa mwilini miaka mingi bila kudhibitiwa, huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, inayofika kwenye vidole vya miguu. Mgonjwa huanza kuhisi mchomo kama wa sindano, au baridi isiyoisha hata akivaa soksi mbili, kisha ganzi. Nimewapokea wakulima wa miwa waliokanyaga msumari asubuhi, wakafanya kazi kutwa nao ukiwa ndani ya mguu, na kuugundua jioni kwa kuona damu kwenye soksi. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo kando ya maji moto. Miguu yake inamwambia ni baridi. Mara nyingi ni yeye, kuliko wenzake wote ndani ya matatu, anayetamani kuiloweka. Ataitia katika maji ya nyuzi 50 na aseme kwamba yanapendeza, naye hataitoa kwa sababu hakuna kinachomwambia aitoe. Malengelenge atayaona usiku. Na kwa kuwa damu haifiki vizuri miguuni mwake, kidonda hicho hukawia kupona, huingia usaha, na wengine hatimaye hukatwa mguu. Wazee wanaokumbuka wagonjwa wa ukoma waliotunzwa Alupe, kule Busia, wanalijua jambo hili: ganzi ndiyo iliyowaharibu vidole wengi wao, kwa kuungua na kujikata bila kusikia.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa nauli, fanya jaribio hili nyumbani. Lilibuniwa na matabibu wa mji wa Ipswich, Uingereza, na halihitaji chombo chochote. Vua viatu na soksi, keti au jilaze, kisha ufumbe macho. Mwenzako akuguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, polepole kama anayegusa unyoya, kwa sekunde moja au mbili tu. Aanze na mguu wa kulia: ncha ya kidole gumba, ya kidole cha katikati, na ya kidole kidogo cha mwisho. Kisha afanye vivyo hivyo mguu wa kushoto. Kila unapohisi, sema ni mguu gani, kulia au kushoto. Asibonyeze, asikune, wala asirudie pale usipojibu. Jumla ni miguso sita. Ikiwa hukuhisi miwili au zaidi, yaelekea miguu yako imepoteza hisia. Usiitie katika maji ya chemchemi hata kidogo, na uende kliniki miguu ikaguliwe vyema. Bogoria waweza kwenda, ila ufunge viatu imara na utazame kwa mbali.

Wenye shinikizo la damu nao wasikilize. Joto hutanua mishipa ya damu, na shinikizo hushuka ungali majini. Pengine ndiko uvumi wa tiba ulikoanzia, kwani ukipimwa wakati huo tarakimu zitakupendeza. Lakini ulimeza vidonge asubuhi, na vidonge na joto vikishirikiana, ukisimama ghafla utaona giza na kuanguka. Dakika 15 ndani ya maji ya vuguvugu zatosha. Toka polepole, keti ukingoni, kunywa maji, na pombe uiache kabisa siku hiyo. Aliye na ugonjwa wa moyo aulize daktari wake kwanza. Mama mjamzito, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, asikae katika maji moto, kwa kuwa joto la mwili likipanda sana laweza kudhuru uti wa mgongo na ubongo wa mtoto vinavyoumbika wakati huo.

Wapo wanaojaza chupa wakaleta maji hayo nyumbani kunywa. Msifanye hivyo. Chemchemi za Bonde la Ufa zina madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa, na chemchemi za Bogoria huzidi kiwango hicho mara nyingi. Meno ya rangi ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia sehemu nyingi za Bonde la Ufa hayakuletwa na uchafu, bali na floraidi ya utotoni. Ikizidi kwa miaka, hata mifupa hukakamaa.

Na kuna hili la kuacha dawa. Mwaka wa 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walimiminika Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500 za huko. Baadhi yao waliacha dawa za Ukimwi na za kisukari wakiamini wamepona. Sipendi kuona matatu ya Bogoria ikibeba watu wenye nia hiyo. Anayetumia insulini aibebe kwenye chombo cha baridi, kwani joto la Marigat huiharibu.

Jioni valia mikono mirefu na ulale ndani ya neti. Baringo, mbali na malaria, ina kalaazari, ugonjwa unaoenezwa na usubi wa mchangani, mdudu mdogo anayejificha katika nyufa na vichuguu na kuuma giza likiingia. Dalili huweza kuchukua miezi kadhaa kujitokeza: homa isiyokoma, kukonda, na wengu kuvimba hadi tumbo lijae. Ukipatwa na homa kama hiyo baadaye, mwambie daktari ulifika Baringo, maana hapa Kakamega si wengi watakaoifikiria.

Ziwa Bogoria limepanda sana tangu miaka ya 2010, likameza barabara na baadhi ya chemchemi, hivyo picha za zamani zisikuongoze. Waulize askari wa hifadhi pa kukanyaga, kwa sababu ukingo wa chemchemi huweza kuonekana mgumu kumbe ni gamba jembamba. Watoto washikwe mkono, wasiachwe kukimbia.

Mwisho, pakieni ndani ya gari mtungi wa lita 20 wa maji safi ya baridi, na ikiwezekana miwili. Si ya kunywa. Mtu akiungua, vueni viatu na soksi upesi, mmwagilie maji hayo polepole kwa dakika 20, kisha mfunike kidonda kwa kitambaa safi. Msipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, majivu wala yai, na msipasue malengelenge. Kisha mwende hospitali ya Marigat, au ile ya rufaa ya kaunti iliyo Kabarnet, mji mliopita asubuhi.