Kwenda Usangi Kutafuta Kwa Babu

Usiende Desemba. Najua ndipo likizo ilipo na ndipo kila mtu wa Kaskazini anaporudi nyumbani, lakini hapo ndipo ubaya wake ulipo. Wiki ya Krismasi tiketi zinashikwa na walanguzi, na ukifika Usangi utakuta nyumba imejaa wageni wa mjini wanaogombea pa kuchajia simu. Mzee uliyetaka akusimulie habari za babu yako yuko kwenye vikao vya harusi. Nenda Julai au Agosti. Milima ya Upare ina baridi miezi hiyo, beba sweta, lakini njia ni kavu na watu wana nafasi ya kuongea.

Kabla hujakata tiketi, kaa na shangazi yako. Jina la ukoo pekee halitakufikisha popote: kufika Usangi ukasema wewe ni Msangi, Msuya au Mfinanga ni sawa na kufika Kariakoo ukaulizia duka la nguo. Tafuta jina la baba wa babu, jina la kitongoji, na hasa jina la bibi na kwao alikotoka, maana wazee wengi humkumbuka mtu kwa upande aliooa. Kama ni Walutheri, sharika za zamani kama Shigatini ni mahali pa kuanzia, kwani vitabu vya ubatizo huandika na majina ya wazazi. Kama ni Waislamu, ambao Usangi ni wengi, subiri Ijumaa watu watoke msikitini, kisha uwasalimie wazee taratibu.

Sasa basi, na hapa ndipo nilipoumia. Mabasi ya Moshi na Arusha yanayotoka Kituo cha Magufuli, Dar es Salaam, yanapita Mwanga, unaposhukia kwenda Usangi, ila wapo wakata tiketi wasiotaka hata kulisikia jina la Mwanga. Mimi nililipishwa nauli ya Arusha, nikaambiwa "siti ni ile ile", kisha nikashushwa na begi langu kando ya lami, stendi ikiwa bado mbele, eti gari limechelewa. Angalia kwanza nauli elekezi za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, halafu ng'ang'ania tiketi iandikwe Mwanga. Panda basi la alfajiri. Ukifika jioni utawaangukia vijana wa stendi watakaoapa kwamba gari la mwisho la kupanda mlimani limeshaondoka, ili ukodi spesho. Usibishane nao. Muulize mama anayeuza ndizi. Gari mara nyingi liko nyuma ya kibanda, linasubiri abiria wawili. Na uwahi siti ya mbele, kama hutaki kona zile zikutoe chakula cha mchana.

Watu watakushauri uanzie Ziwa Jipe. Mimi sikuona cha kunirudisha. Ufukwe wa upande wetu umemezwa na matete, unalipa bodaboda, unapigwa jua, unaona majani. Ukiwa na hamu ya maji na samaki, nenda Bwawa la Nyumba ya Mungu ukale perege.

Pesa na muda wa Jipe vitumie kuangalia ndiva. Ni bwawa dogo la mawe na udongo lililojengwa juu ya mashamba, nalo hukusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi mwenye zamu anazibua tundu, maji yanashuka kwenye mfereji, naye anakimbia nayo na jembe, hapa anafungua, pale anaziba kwa bonge la udongo na majani ya mgomba, mpaka yafike kwenye maharage yake. Akichelewa, zamu imepita. Mababu zetu walilima hivi kabla Mjerumani hajafika. Hakuna kiingilio, hakuna kibao, na mwenye zamu hatakufukuza ukimshikia jembe.

Kuna pia mpungi, msitu mtakatifu wa ukoo. Usiingie bila mzee wa ukoo huo, hata kama mtoto wa jirani amejitolea kukuonyesha kwa elfu mbili.

Jambo litakalokuharibia safari kuliko konda yeyote ni ardhi. Mgeni wa mjini anayeulizia shamba la babu yake, simu mkononi, anapiga picha mipaka, hata awe na nia njema kiasi gani, ataonekana amekuja kudai. Watani zetu Wachaga husema Mpare huuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku; kwenye kuku tunasingiziwa, kwenye shamba hatusingiziwi. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, sema mbele ya watu kwamba umekuja kusalimia na kuona makaburi. Simu ibaki mfukoni mpaka mwenyeji mwenyewe aseme piga.

Zawadi ni sukari, majani ya chai, na kitenge kwa bibi wa nyumba. Pesa mpe mtu pembeni, si mbele ya jirani. Ukiletewa makande, kula na uongeze.

Siku ya kuondoka utapewa mkungu wa ndizi, maparachichi, pengine na kuku. Pokea vyote, kukataa ni tusi. Halafu patana na konda bei ya mzigo kabla haujafungwa juu ya gari, kwa sababu ukishafungwa bei ni yake.