SOMO LA WIKI: Ushuru wa mapato – marupurupu, makato na pesa za kurudishwa

Kila mwaka tarehe 30 Juni ikikaribia, Wakenya wenye nambari ya PIN hukumbuka ritani. Wengi hungoja juma la mwisho, wakanakili tarakimu za fomu ya P9 waliyopewa na mwajiri bila kuzisoma, kisha wakashukuru kwamba kazi imekwisha. Kumbe ndani ya fomu hiyo huenda mna pesa zao zilizokatwa kupita kiasi, au deni ambalo bado halijadaiwa. Yafuatayo ni maswali ambayo wafanyakazi, wenye maduka na wawekezaji wadogo huuliza mara kwa mara.

Makato na punguzo vina tofauti gani?

Makato yanayoruhusiwa huondolewa kwenye mapato kabla ushuru haujapigwa. Punguzo huondolewa kwenye ushuru wenyewe baada ya kupigwa.

Tuseme mfanyakazi alilipwa Sh80,000 mwezi wa Machi 2025. Kwanza huondolewa NSSF Sh4,320, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, yaani Sh2,200, na ada ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, yaani Sh1,200. Hayo mawili ya mwisho yaliruhusiwa kuondolewa kwenye mapato kuanzia 27 Desemba 2024. Kinachobaki kutozwa ushuru ni Sh72,280.

Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizosalia, hadi Sh500,000 kwa mwezi, asilimia 30. Jumla ni Sh16,467. Hapo ndipo linapoingia punguzo la kibinafsi la Sh2,400, na mfanyakazi akakatwa Sh14,067.

Kwa mtu huyu, kila Sh1,000 ya makato humwokolea Sh300, lakini kila Sh1,000 ya punguzo humwokolea Sh1,000 kamili.

Ni gharama zipi zinazokubaliwa?

Kwa mwajiriwa, si nyingi. Nauli, karo ya watoto na kodi ya nyumba havimo. Zinazokubaliwa ni hizi:

Akiba ya uzeeni, pamoja na NSSF, hadi Sh30,000 kwa mwezi.

Riba ya mkopo wa kununua au kuboresha nyumba anayoishi mwenyewe, hadi Sh360,000 kwa mwaka. Ni nyumba moja tu, na ni riba peke yake. Sehemu inayolipa deni lenyewe haihesabiwi. Mkopo wa shamba au wa biashara haumo.

Bima ya maisha, ya afya, au ya elimu inayokomaa baada ya miaka 10 au zaidi, huleta punguzo la asilimia 15 ya malipo yake, lisilozidi Sh60,000 kwa mwaka.

Marupurupu yanatozwa ushuru?

Kanuni ni kwamba chochote mfanyakazi anachopata kwa sababu ya kazi ni mapato, hata kama hakikuja kama pesa. Nyumba ya kampuni, gari la kampuni na karo inayolipwa na mwajiri huhesabiwa. Gari, kwa mfano, huweza kuhesabiwa kwa asilimia 2 ya bei yake ya kununuliwa kila mwezi: gari la Sh1,500,000 huongeza Sh30,000 kwenye mapato ya mwezi, na kwa mtu aliye kwenye asilimia 30 hiyo ni Sh9,000 ya ushuru.

Yapo yaliyosamehewa. Manufaa yasiyo ya pesa taslimu hayatozwi ikiwa thamani yake yote haizidi Sh60,000 kwa mwaka. Chakula cha kantini ya mwajiri nacho kina kiwango chake cha Sh60,000. Posho ya siku kwa anayesafiri kikazi nje ya kituo chake ilikuwa imesamehewa hadi Sh2,000. Kuanzia 1 Julai 2025 kiwango kilipandishwa hadi Sh10,000.

Nani hustahili kurudishiwa pesa?

Aliyekatwa kuliko alivyostahili. Mara nyingi ni yule ambaye mwajiri wake hakuwa na karatasi zake.

Turudi kwa mfanyakazi wa Sh80,000. Tuseme analipa riba ya nyumba Sh15,000 kwa mwezi na bima ya maisha Sh3,000, na idara ya mishahara haikuambiwa. Riba ingempunguzia ushuru Sh4,500 kwa mwezi, bima Sh450. Kwa mwaka ni Sh59,400. Pesa hizo haziji zenyewe. Hana budi kuzijaza kwenye ritani yake katika mtandao wa iTax, akiwa na cheti cha riba kutoka benki na cheti cha bima. Ritani ikionyesha amelipa zaidi, ndipo anapoomba kurudishiwa, au ziada hiyo itumike kulipia ushuru mwingine. Ombi huwasilishwa ndani ya miaka mitano tangu ushuru ulipolipwa.

Sheria ya Fedha ya 2025 inamtaka mwajiri, kuanzia 1 Julai 2025, aweke makato, punguzo na misamaha yote inayomhusu mfanyakazi kabla ya kukata PAYE. Hata hivyo, mwajiri hawezi kuweka asichoonyeshwa. Cheti kikae ofisini mapema badala ya kungoja Juni.

Kwa nini wengine hujaza ritani wakakuta wanadaiwa?

Kisa cha kawaida ni mtu mwenye waajiri wawili. Kila mmoja humpa punguzo la Sh2,400 na kila mmoja huanza kuhesabu kutoka asilimia 10. Punguzo la kibinafsi ni moja tu kwa mwaka, Sh28,800, na mapato yote huunganishwa. Mwenye kazi ya pili aweke akiba kila mwezi kwa ajili ya tofauti hiyo.

Mwenye hisa anaweza kudai ushuru uliokatwa kwenye gawio?

Hapana. Mkazi anapopokea gawio, asilimia 5 hukatwa na mambo huishia hapo. Riba ya akaunti ya benki hukatwa asilimia 15, nayo huishia hapo. Ushuru wa namna hii hauunganishwi na mshahara, haupunguzwi na gharama, wala haurudishwi. Ndivyo ilivyo pia kwa kodi ya nyumba za kuishi: tangu Januari 2024 mwenye nyumba anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea, awe alikarabati paa au hakukarabati.

Na mwenye duka je?

Hapa ndipo wengi hupoteza bila kujua. Biashara yenye mauzo ya zaidi ya Sh1 milioni hadi Sh25 milioni kwa mwaka hulipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3, na gharama haziondolewi. Duka linalouza Sh3 milioni hulipa Sh90,000, liwe limepata faida au hasara.

Lakini sheria inamruhusu mwenye duka kumwarifu Kamishna kwa maandishi kwamba anachagua kutozwa kwa faida. Tuseme faida ya duka hilo ni Sh300,000 na mwenyewe hana mapato mengine. Kwa viwango vya 2025 ushuru ni Sh31,800. Ukitoa punguzo la Sh28,800, hubaki Sh3,000 tu. Mwenye duka kama hilo aliyeajiriwa pia, na mshahara wake umefika asilimia 30, atalipa Sh90,000 zile zile juu ya faida hiyo, na hana haja ya kuhama.

Uamuzi huo una sharti lake. Tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi. Anayenunua bidhaa bila ankara huonekana amepata faida kubwa kuliko ilivyo, na hesabu nzuri ya hapo juu huharibika.

La kukumbuka

Kabla ya kuwasilisha ritani, linganisha P9 na hati za mshahara za miezi 12, hakikisha riba na bima zimo, kisha uhifadhi vyeti. Anayechelewa kupita 30 Juni hutozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa zaidi.