SOMO LA UFUNDI: SPEA ZA PAMPU YA PETROLI KWA MAGARI YA ZAMANI



Kampala bado ina Peugeot 404 na Volkswagen Beetle ambazo wenyewe hawataki kuziacha. Zikiletwa kwetu kwa kuzimika kilimani, mara nyingi shida ni pampu ya petroli. Kuifungua ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kupata spea iliyo sawa.

Pampu inavyofanya kazi

Pampu hizi hazitumii umeme. Injini huusukuma mkono wa pampu, nao huvuta kiwambo cha mpira. Petroli huingia kwa valvu ya kwanza. Springi hukirudisha kiwambo, petroli ikatoka kwa valvu ya pili kwenda kabureta. Kiwambo kikipasuka, petroli huweza kuvuja juu ya injini yenye moto, au kushuka ndani ya oili na kuifanya nyepesi. La kwanza huchoma gari pamoja na fundi. La pili huua injini.

Tusiamini jina la gari peke yake

Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, maduka mengi yalibadili mikono na bidhaa za nje zikawa adimu. Mafundi waliokoa magari kwa kufunga kilichopatikana. Kwa hiyo pampu tunayoikuta leo huenda siyo iliyotoka nayo kiwandani. Basi tufuate hatua hizi:

1. Tuisafishe pampu na kusoma jina la mtengenezaji na namba zilizopigwa juu yake. Spea hutafutwa kwa namba hizo.

2. Twende Soko la Kisekka na pampu yenyewe mkononi. Tuhesabu matundu ya skrubu, tulinganishe upana wa kiwambo na urefu wa fito yake.

3. Tupime. Beetle yenye dainamo hutumia pampu ya fito ya milimita 108. Yenye olteneta, milimita 100. Fito ndefu mno huumiza kiwambo. Fupi mno hunyima injini petroli. Unene wa gasketi nao hubadili kipimo.

4. Tuulize aina ya mpira. Sheria ya mwaka 2020 inaruhusu ethanoli kuchanganywa katika petroli ya Uganda, nayo huharibu mpira wa kizamani. Kiwambo kisikatwe kwenye tyubu ya gurudumu: mpira huo huvimba ndani ya petroli.

5. Tusifunge pampu ya umeme ya gari la injeksheni. Kabureta hutaka mgandamizo wa ratili 3 hadi 5 hivi kwa inchi ya mraba. Pampu ile hutoa zaidi ya 30. Kabureta itafurika.

Haki yetu

Muda wa kutafuta spea ni kazi. Uandikwe kwenye kadi ya kazi na ulipwe. Akiambiwa "funga hiyo hiyo", fundi aonyeshe kipimo na kueleza hatari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kulinda usalama wetu.

Maswali ya kujadiliana

1. Oili ikinuka petroli, tutazame wapi kwanza?
2. Kwa nini pampu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kwa kazi?
3. Katika gereji yetu, nani hulipia spea isiyo sawa: mwajiri, mwenye gari, au fundi?