Je, Kitabu cha Pili Kinafikia cha Kwanza?

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Buyenzi hapa Bujumbura, alinirudishia kitabu kabla hajakimaliza. "Mwalimu," aliniuliza, "Karama yuko wapi?" Yeye amezoea riwaya za Suzanne Collins wa Marekani, aliyemrudisha msichana wa kitabu chake cha mwaka 2008 katika kitabu cha pili cha mwaka 2009. Swali lake lilinifanya nivisome tena vitabu viwili vya marehemu Sheikh Shaaban Robert, nami napenda kuwaeleza niliyoyaona.

Kusadikika kilipigwa chapa mwaka 1951. Ni habari za nchi iliyo angani, ambako Karama ameshtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Karama anajitetea kwa kuwataja wajumbe 6 waliotumwa pande zote, wakarudi na mashauri mema, wakatiwa gerezani. Kila mjumbe ni hoja, na hoja zote zinakwenda njia moja. Ndiyo sababu msomaji hachoki.

Kufikirika kilitoka mwaka 1967, miaka 5 baada ya mwandishi kufariki. Hakiendelezi habari za Karama. Kinaeleza nchi nyingine ya kubuni, na kwa hiyo mwanafunzi wangu alimtafuta mtu asiyekuwamo. Hapa mfalme hana mtoto. Mabingwa wa kila namna wanaitwa, kundi baada ya kundi, na nakiri kwamba sehemu hiyo ni ndefu. Kwa mpango wa hadithi, kitabu cha kwanza kinashinda.

Lakini tazameni yanayofuata. Mtoto anapatikana, kisha anaugua, na dawa inayotajwa ni kafara ya watu wawili, mwerevu na mjinga. Majivuno tulimchukia upesi, kwani kiburi chake ki wazi. Mfalme huyu je? Ni mzazi. Mimi nimekesha na mwanangu mwenye malaria. Usiku ule, kama mtu angeniambia dawa iko kwa jirani, nisingeuliza jirani atapata hasara gani. Kitabu cha kwanza kilinifundisha kumwogopa mtawala mwenye majivuno. Cha pili kilinifundisha kujiogopa mwenyewe.

Basi, msikipime kitabu cha pili kwa kutafuta sura mlizozizoea. Ulizeni kama kimeleta swali jipya, na kama swali hilo lina uzito. Kwa kipimo hicho, Kufikirika kinafikia Kusadikika, ingawa hatua zake ni za polepole.

Nilimpa kijana yule kitabu mara ya pili. Safari hii alikimaliza, akaja tukabishana hadi kengele ya jioni.

Zoezi: Kama ungekuwa mshauri wa mfalme yule, ungemwambia nini karibu na kitanda cha mtoto? Andika ukurasa mmoja.