Betri Iliyokufa Iende Wapi?

Betri ya kuchaji ikifa, iwe ya simu, ya taa ya sola au ya gari, swali la kwanza nyumbani huwa ni nani ataichukua. Ukijali afya ya watoto, uliza pia itaishia wapi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliijua tofauti hiyo kwa uchungu. Kiwanda kilichopakana na nyumba zao kiliyeyusha betri kuukuu za magari kupata madini ya risasi, hadi kikafungwa mwaka 2014. Kazi ile nayo iliitwa urejelezaji. Moshi wake ulitua juu ya mabati na uani, na risasi ikapatikana katika damu za watoto, akiwemo mwana wa Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho kabla ya kuongoza harakati za kukipinga. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Fedha haziponyi ubongo ulioharibiwa na risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima.

Wapo watakaosema mnunuzi wa vyuma chakavu hulipa papo hapo, ilhali kituo chenye leseni kiko mbali na pengine hakilipi. Hoja hiyo ina uzito kwa nyumba inayohesabu kila shilingi. Lakini anayepasua betri kwa shoka na kumwaga tindikali mtaroni hulipa vizuri kwa sababu gharama ya usalama amewatwika majirani, na huenda mmoja wao ni wewe. Betri ya gari mrudishie muuzaji unaponunua mpya. Wengi hukupunguzia bei. Za simu na taa hupokelewa na WEEE Centre, kituo cha taka za kielektroniki, Nairobi. Kwingineko Kenya, uliza ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ni nani mwenye leseni.

Umbali nao una dawa. Betri ya simu au taa isiyovimba wala kupasuka yaweza kusubiri miezi: funika ncha zake kwa selotepu, itie kwenye mkebe mkavu wa plastiki, mbali na jiko na mikono ya watoto. Chama kikikusanya za nyumba nyingi, nauli ni moja. Iliyovimba ndiyo isiyongoja. Usiichaji wala kuitoboa, kwa sababu betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kulipuka moto. Izike kwenye ndoo ya mchanga mkavu nje ya nyumba, kisha ipigie simu ofisi ya NEMA siku hiyohiyo.