SOMO LA KAZI: NUKTA ILIYOPOTEA KATIKA KIPIMA-KINA



Somo la leo linahusu chombo kidogo kinachokaa mbele ya nahodha wa boti, nacho ni kipima-kina. Kazi yake ni kumwambia nahodha maji yaliyo chini yake yana mita ngapi. Wengi wenu hamfanyi kazi ziwani, lakini someni hadi mwisho, maana somo hili ni lenu pia.

Niliwahi kuitwa kwenye shauri moja Ziwa Victoria. Boti ya mwajiri iliyochukua wafanyakazi ilipanda mwamba. Kwa bahati hakufa mtu. Nahodha alisema kioo kilionyesha 15, naye akaamini ana mita 15 za maji. Mwajiri alisema ni mzembe na afukuzwe. Tukaomba chombo kiwashwe mbele ya wote. Tarakimu zilionekana vizuri, lakini nukta ilikuwa imekufa. Ile 15 ilikuwa 1.5. Nahodha aliyetangulia alijua jambo hilo, akalizoea, wala hakuliandika popote. Huyu mpya alikabidhiwa boti asubuhi ile bila kuambiwa neno.

Jinsi chombo kinavyofanya kazi

Chombo hupeleka sauti chini majini na kungojea mwangwi wake. Sauti hukimbia majini kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo chombo hupima muda na kupata kina. Kisha huandika jibu kwenye kioo. Kila tarakimu imetengenezwa kwa vijistari saba, na kila kijistari kina njia yake ya umeme. Katika vyombo vingi umeme hufika kwenye kioo kwa kupitia kipande cha mpira chenye mistari kama ya pundamilia: mmoja hupitisha umeme, wa pili hauupitishi. Unyevu au uchafu ukiingia hapo, kijistari au nukta hufa. Kipimo ni sahihi, lakini maandishi ni ya uongo.

Kutambua ubovu

(a) Kioo kizima kimefifia: tazama kwanza betri, fyuzi na vichwa vya nyaya vilivyoota kutu.
(b) Baadhi ya vijistari havionekani: sababu ya kawaida ni uchafu kwenye mpira ule.
(c) Kuna doa jeusi linaloenea: kioo kimepasuka. Hakitengenezeki, kibadilishwe.

Kutengeneza ubovu wa (b)

1. Zima umeme na ondoa waya wa betri. Kazi hii ifanywe nchi kavu, mezani, na mtu aliyeruhusiwa.
2. Fungua skrubu na uziweke kwa mpangilio. Kama ndani mna maji, acha chombo kikauke kabisa kivulini.
3. Toa kioo polepole. Ukikuta utepe mwembamba uliogandishwa kwenye kioo badala ya kipande cha mpira, simama hapo. Usiuvute. Mpelekee fundi wa vyombo hivyo.
4. Futa ukingo wa kioo, mpira, na sehemu za shaba unapokalia mpira, kwa kitambaa laini chenye spiriti safi kidogo. Usikwaruze kwa kisu, wala usiguse kwa vidole, maana jasho nalo ni uchafu.
5. Rudisha kila kitu mahali pake. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana pembe, ili mpira ubanwe sawasawa bila kuvunja kioo.
6. Weka mpira mpya wa kuzuia maji. Usipofanya hivyo, ubovu utarudi.
7. Jaribu. Vyombo vingi vikiwashwa huonyesha vijistari vyote kwa muda mfupi. Vihesabu, na nukta pia. Halafu linganisha na bildi, yaani kamba yenye risasi, mahali maji ni machache.

Chombo kikiwa hakijatengenezwa, funika kioo, tumia bildi, na andika ubovu katika daftari la boti.

Linalotuhusu sote

Mizani ya umeme ya shambani ina kioo cha namna hiyohiyo. Kijistari cha juu upande wa kulia kikifa, 8 huonekana 6, na 9 huonekana 5. Mchumaji aliyeleta kilo 19 za majani ataandikiwa 15. Kiwandani nako, kipimo cha joto au cha mvuke chaweza kudanganya vivyo hivyo. Kwa hiyo, kabla ya zamu kuanza, mwombeni karani awashe mizani mbele yenu, mhesabu vijistari.

Yule nahodha alibaki kazini. Kilichomwokoa ni kuwashwa kwa chombo kile mbele ya mashahidi. Ubovu uliozoeleka humwangukia mgeni. Tuuandike siku ile tunapouona.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Kazini kwenu kuna vipimo gani vyenye tarakimu za umeme?
2. Nani huviangalia, na huandika wapi?
3. Mwenzenu mpya akija kesho, ni ubovu gani mliouzoea ambao hajaambiwa?